Masufuria Tisa

Mwezi wa Agosti 2013, mapigano kati ya jeshi la taifa la Kongo na waasi wa M23 yalipokuwa karibu na mji wa Goma kwa upande wa kaskazini, sisi waandishi wa habari tulipakiwa katika gari la kijeshi tukapelekwa kwenye kituo kimoja kando ya barabara ya Rutshuru. Nilikuwa mtangazaji chipukizi wa redio ndogo ya mjini. Kwa wiki mbili nilikuwa nimeomba kibali cha kuuliza jambo moja tu, posho ya askari, yaani chakula chao cha vitani, na kila mara niliambiwa nirudi kesho. Safari hii, ambayo hakuna aliyeiomba, ilipangwa kwa siku moja.

Swali lenyewe nililipata kwa mama mmoja wa kambi ya Katindo, mke wa askari, aliyekuwa akiniuzia makaa. Mshahara wa mumewe ulikuwa umeanza kupitia benki, naye alishukuru, kwa kuwa zamani pesa zilishuka kutoka kwa mkubwa hadi kwa mdogo, na kila mkono uliozipitisha ulibaki na unyevu. Ujumbe wa Umoja wa Ulaya, uliokuwa nchini tangu 2005 kusaidia kulirekebisha jeshi, ulishughulikia jambo hilohilo: kuwahesabu askari, kuwapa vitambulisho, na kumtenga anayelipa na anayeamuru. Lakini chakula cha vitani hakikupitia benki. «Mwanangu,» aliniambia, «yeye ndiye ananipigia simu nimtumie pesa ya kula. Sasa jeshi linamlisha nani?»

Kituoni tulionyeshwa magunia ya mchele na maharage, tukaruhusiwa kuyapiga picha, tukakatazwa kuzungumza na askari. Afisa aliyetuongoza alisema kwamba watu mia sita walikuwa wakilishwa hapo, na wenzangu wakaandika mia sita. Mimi nilikuwa nimejisogeza jikoni kuomba moto wa sigara (tabia niliyokuja kuiacha, ingawa siku ile ilinifaa). Masufuria yalikuwa tisa, kila moja juu ya mafiga ya mawe meusi ya volkano, na mchuzi wa maharage ulikuwa mwepesi hata ukaweza kuona chini ya sufuria. Nilimuuliza mpishi, kama mtu anayepiga soga, sufuria moja inatosha watu wangapi. «Thelathini, ukipakua kwa mkono mwepesi.» Je, wanapika mara mbili? Akacheka, kuni hazikutosha hata kwa mara moja.

Ulipofika wakati wa maswali nilisimama. «Afande, katika hao mia sita, wanaokosa nafasi kwenye masufuria haya wanakula wapi?»

Afisa hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Aliomba daftari langu, akachana ukurasa mmoja taratibu, akaukunja na kuutia katika mfuko wa shati, kisha akanirudishia daftari kwa mikono miwili. «Idadi ya askari ni siri ya ulinzi, bwana mwandishi.» Idadi hiyo alikuwa ameitaja mwenyewe, tena mbele ya kamera. Kifungu cha 24 cha Katiba ya 2006, kinachompa kila mtu haki ya kupata habari, nilikuwa nakijua kwa moyo, lakini ulimi ulikuwa mzito. Nilitazama tu moshi wa yale mafiga ukipanda wima. Adui aliyekuwa vilimani angeweza kuuhesabu bila kibali cha mtu.

Jioni mhariri wangu alisikiliza kisa chote, akafunga mlango, akanitaka niandike dakika mbili kuhusu ari ya wapiganaji. Niliandika. Nilisoma mwenyewe, kwa sauti nzuri.

Siku ya pili nilikwenda Katindo kununua makaa. «Nimekusikia redioni,» mama yule alisema, na hakuongeza neno. Alinipimia ndoo yangu, akapokea noti, akazihesabu mara mbili mbele yangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla.