Mpira wa shingoni wa mama: tulivyoulinda hadi fistula ya mkononi ikakomaa

Kama nyumbani una mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa mpira wa shingoni (katheta, bomba laini linaloingizwa kwenye mshipa mkubwa wa damu), usikubali kuambiwa "homa ya mpira ni kawaida." Mimi niliambiwa hivyo na watu ninaowaheshimu, mjomba akiwemo, na mpaka leo linanikera.

Mpira wa kwanza wa mama uliwekwa kwa dharura kwenye kinena. Pale pana jasho na ni rahisi kuchafuka, ndiyo maana madaktari hupakwepa wakiweza. Siku moja, muda mfupi tu baada ya kuunganishwa kwenye mashine, mama akaanza kutetemeka mpaka kitanda kikawa kinalia. Aliyekuwa zamu akamfunika blanketi, akasema ni malaria. Kipimo cha malaria kikatoka hasi. Kumbe wadudu walikuwa wamejenga ndani ya mpira, na damu ilipoanza kuzunguka wakasukumwa mwilini. Daktari aliyeingia zamu ya jioni ndiye aliyemwokoa: alichukua kwanza damu ya kuotesha maabara ili wadudu wajulikane, ndipo akaanza antibayotiki, na mpira ukatolewa. Majibu yakaonyesha stafilokokasi, bakteria anayeishi puani na kwenye ngozi ya watu wengi wasioumwa chochote.

Nikaanza kusoma. Huko Michigan, Marekani, Daktari Peter Pronovost na wenzake walifuatilia vyumba 103 vya wagonjwa mahututi, wakasisitiza mambo ya kawaida kabisa: kunawa mikono, kumfunika mgonjwa shuka safi mwili mzima wakati wa kuweka mpira, kusafisha ngozi kwa klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu), kukwepa kinena, na kuutoa mpira usiohitajika tena. Matokeo yalichapishwa 2006: maambukizi yalipungua kwa hadi asilimia 66. Sasa hapo ukawaida uko wapi?

Mpira wa pili ukawekwa shingoni, ncha yake ikiwa karibu na moyo. Hatari kubwa ni pale vifuniko viwili vya mpira huo, chekundu na cha bluu, vinapofunguliwa. Mikono na pumzi za watu ndivyo vinavyoingiza wadudu. Lakini utamwambiaje nesi aliyechoka, mwenye wagonjwa kibao, avae barakoa bila kumuudhi? Nilinunua boksi la barakoa, elfu chache tu. Kila tukifika, namvisha mama, navaa mimi, halafu namnyooshea nesi boksi lenyewe: "Sista, naomba na wewe, kinga ya mama iko chini sana." Hakuna aliyewahi kukataa. Baada ya muda sista mmoja akawa anaulizia boksi hata kabla hatujakaa, na mgonjwa wa kitanda cha jirani naye akaanza kuja na lake. Kitakasa mikono nacho nilikiweka juu ya kimeza, mbele ya macho ya kila mtu. Najivunia boksi lile kuliko dawa zote nilizowahi kununua.

Kuoga ndiko kulikonitesa. Tulijaribu kufunika plasta kwa nailoni, na kwa joto la Dar es Salaam jasho likajaa chini yake, plasta ikabanduka yenyewe. Tukaacha. Mama akawa anaoga akiwa amekaa kwenye kigoda, maji kuanzia kiunoni kwenda chini, juu anafutwa kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri. Plasta ikilowa au ikiachia, twende hospitali ibadilishwe siku hiyohiyo.

Shangazi alileta asali, jirani mafuta ya nazi, wapake kwenye kidonda. Niliwashukuru na kuviweka kabatini. Zahanati ya mtaani nao walitaka kupitishia dripu kwenye mpira huohuo kwa sababu mishipa ya mkono ilikuwa imejificha. Nilikataa katakata: mpira huo ni wa mashine tu. Kila anayeufungua bila sababu anaongeza mlango.

Omba fistula mapema, jamani, yaani upasuaji wa kuunganisha mishipa miwili ya damu mkononi ili mashine itumie hapo badala ya mpira. Baada ya upasuaji huchukua wiki kadhaa, wakati mwingine miezi, kukomaa. Mkono huo usipimwe presha wala kutolewa damu. Mama alikuwa anafinya kimpira laini cha mazoezi kila jioni akisikiliza redio, kama daktari alivyomwelekeza.

Fistula ilipoanza kufanya kazi vizuri, sikungoja kukumbushwa. Nilimuuliza daktari, "Huu wa shingoni unatoka lini?" Ukatolewa wiki hiyohiyo, na tangu ulipowekwa mama hakuwa ametetemeka hata mara moja.