Klipu ya mtindo wa Wes Anderson Lubumbashi: kamba kwanza, rangi baadaye

Mwanafunzi wa hapa Lubumbashi, Kongo, akitaka klipu yake ya muziki ifanane na kazi za mwongozaji filamu Wes Anderson, jambo la kwanza hukimbilia filta ya waridi na njano. Filta haitoshi. Kinachombeba yule Mmarekani ni vipimo: kamera inaukabili ukuta sawasawa, mhusika yuko katikati, na kamera ikigeuka, inageuka nyuzi 90. Lubumbashi ina kuta za kumfaa, hasa majengo ya zamani ya katikati ya mji ambayo upande wa kushoto umelingana na wa kulia.

Funga kamba mbili za urefu uleule kwenye pembe mbili za ukuta, uzivute hadi zikaze. Zinapokutana ndipo pa kuweka tripodi. Kukadiria kwa macho hudanganya, na vigae au madirisha yatakuumbua. Tumia lenzi ya simu ya mara 2. Ile ya kawaida ni pana, inakuvuta karibu, na wachezaji wa pembeni wanatoka wamevutika. Kwa ukuta wa mita 10, rudi nyuma takriban mita 14. Kamera isitazame juu hata kidogo, la sivyo nguzo zitaonekana zinaegemeana. Jengo refu? Kata paa, au panda juu ya kitu.

Kuhusu mwanga, wengi hutafuta ukuta wenye jua. Mimi ningechagua wa kivulini. Mwezi wa Juni na Julai jua la hapa hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo ukuta unaotazama kusini unabaki kivulini kutwa nzima: hakuna kivuli kikali chini ya nyusi, na picha ya asubuhi inaungana na ya alasiri bila kushtua macho. Funga mwanga na kipimo cha rangi nyeupe (white balance) cha kamera visibadilike, maana simu ikiachiwa ijipangie, udongo mwekundu unaifanya ibadilishe rangi kila mtu anapopita.

Nguo ziwe za rangi moja moja, tatu kwa klipu nzima. Kitenge cha maua mengi ni kizuri, lakini hapa kinapigana na ukuta.

Mgeuko wa ghafla wa kamera pigeni kwa fremu (picha) 25 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kupokea mwanga kwa kila fremu, ya 1/50 ya sekunde, ambayo pia inazuia taa za ndani kupepesa kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50. Bandika utepe kwenye kichwa cha tripodi pale kamera inapotakiwa kusimama. Ikipita alama kidogo tu, rudieni. Mkono ukiirudisha polepole, mchezo wote umeharibika. Wakati wa kuunganisha, kata katikati ya ukungu wa mgeuko, na vipande viwili vielekee upande mmoja.

Spika inayopiga wimbo wakati wa kurekodi ikae karibu na mwimbaji, siyo karibu na kamera. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, hivyo kwa mita 14 simu inausikia wimbo umechelewa milisekunde 41, yaani fremu moja. Programu ya kuhariri ikishaulinganisha wimbo wa studio na sauti ya simu, uanzishe fremu moja mapema zaidi. Ukiusogeza upande wa pili, kosa linakuwa fremu mbili, na midomo inaanza kutangulia wimbo.