Mtu wa Futi

Jana fundi alikuja kupima dirisha la kuwekwa pazia, binti yangu akamwomba ashike ncha ya futi. Usiku akaniuliza, "Baba, yule mtu wa futi wa kule Syokimau alikwenda wapi?" Nilinyamaza. Wakati ule alikuwa na miaka mitano, sikudhani angekumbuka.

Mkopo wetu wa nyumba ile ya Syokimau ulikuwa shilingi milioni 6.5, miaka 15, riba asilimia 13, malipo 82,000 kwa mwezi. Kazi yangu iliisha mwaka wa nne. Nilikaa miezi mitatu bila kusema na benki, nikingojea kandarasi moja ilipe, na hilo bado linaniuma. Mkopo ukipita siku 90 bila kulipwa huhesabiwa kuwa mbovu, jina hupelekwa CRB, wanaoweka rekodi za wakopaji, na faili hutoka kwa ofisa wa tawi anayekujua likaenda kwa wadai madeni.

Nilipoomba mkopo upangwe upya, salio lilikuwa kama milioni 5.76. Miaka 11 iliyobaki tukiifanya 20, malipo yalishuka hadi 67,000 tu, kwa sababu riba peke yake ilikuwa 62,000 kwa mwezi. Miaka tisa zaidi ya deni kwa nafuu ya 15,000! Kupangisha nako, mtaani kwetu nyumba kama ile ilipata 45,000, na sisi tungehitaji kodi ya pa kulala. Mshahara wa mama watoto haungeziba pengo lile.

Notisi ya kwanza ya benki ilitupa miezi mitatu ya kulipa. Ya pili, ya siku 40, ilikuja nakala mbili, moja kwa jina la mke wangu, kwani aliweka sahihi ya ridhaa tulipokopa. Alichukua kalenda ya ukutani na penseli akahesabu: baada ya 40, dalali wa mnada naye hutoa siku 45, kisha tangazo la gazeti na siku 14 kabla ya mnada. Akazungushia tarehe, akairudisha kalenda msumarini.

Mthamini alikuja Jumanne asubuhi, katikati ya zile 40. Sheria inaidai benki ithaminishe nyumba kabla ya kuiuza. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Binti yangu alimfuata chumba kwa chumba, naye akampa ncha ya futi: "Shika hapo kwenye kona, usiachilie." Mtoto akabana ule ulimi wa chuma kwa vidole viwili, amekaza macho. Futi iliporudi ndani kwa mlio, alicheka na kukimbilia kona nyingine. Yule bwana alifungua mabomba, akagonga ukuta wa bafu penye unyevu, akapiga picha mita ya maji na doa la dari nililokuwa nimeahidi kulipaka rangi. Mke wangu alisimama jikoni na sufuria mkononi, haina kitu ndani.

Barazani mthamini alisema kwa sauti ya chini kwamba huandika bei mbili: ya soko, kama milioni 9.2, na ya kuuza kwa haraka, asilimia 75 yake, milioni 6.9. Hiyo ya pili ndiyo mara nyingi huwa kianzio cha mnada. "Mzee, tafuteni mnunuzi wenyewe. Nyundo ikishagonga, hata ukileta pesa zote hairudi."

Tuliandikia benki siku hiyohiyo, tukaomba kibali cha kuuza na taarifa ya kiasi kamili cha kumaliza deni. Mnunuzi alipatikana kwa milioni 8.7. Amana yake ya asilimia 10 tuliielekeza benki moja kwa moja, wakili wake akatoa ahadi ya maandishi ya kulipa salio, na hapo ndipo dalali alipoambiwa asubiri. Deni, faini na gharama vilikula milioni 6.2. Kilichobaki ndicho kilichotulipia kodi na karo. Kwenye mnada, kama bei isingefika deni, tungeendelea kudaiwa tukiwa hatuna nyumba.

Sijui kama nyumba ingeokoka ningekwenda benki mwezi wa kwanza. Siku nyingine naamini hivyo, siku nyingine natazama ile 62,000 na kuona tulikuwa tumechelewa tangu siku ya kusaini.

Asubuhi binti yangu ameniuliza tena. Nimemwambia alikwenda kupima nyumba nyingine. Akauliza nani alimshikia futi huko.