Nilivyojenga kwa miaka arobaini bila masikio

Tofali lililoiva hulia. Shika mawili, moja kila mkono, uyagonganishe: lililokaa katikati ya tanuru hutoa mlio mkavu kama kengele, lile la pembeni ambalo moto haukulifikia hutoa kishindo kizito cha udongo. Baba mdogo alinifundisha hivyo nikiwa saidia fundi wake hapa Mafinga, kabla sijaenda vitani. Niliporudi mikono ilikuwa ile ile, lakini mlio ule sikuusikia tena. Naandika kwa ajili ya vijana wenye shida ya masikio wanaoambiwa ujenzi hauwafai. Unawafaa, ila una utaratibu wake.

Nilipitia mafunzo ya mgambo mwaka 1978. Mwishoni mwa Oktoba majeshi ya Idi Amin wa Uganda yakaingia Kagera, na tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akawaambia wazee wa Dar es Salaam kwamba sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo na uwezo tunao; siku zile zile daraja la Kyaka likavunjwa. Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Tulisafiri kwa lori, kwa treni hadi Mwanza, kisha kwa meli hadi Bukoba, na huko nikapangwa kubeba makombora kwenye kikosi cha mizinga.

Kyaka tulikuta nyumba za watu wetu zimebomolewa. Januari 1979 tukaichukua Mutukula, mji wa mpakani upande wa Uganda, na huko ikawa zamu yetu kubomoa: mabuldoza yaliusawazisha mji, na raia waliuawa. Silifichi hilo. Mwalimu alipopata habari alitoa amri kuanzia hapo raia na mali zao wasiguswe. Ninachokumbuka kuliko vyote ni ukuta mmoja wa matofali ya kuchoma ukisukumwa. Haukumeguka vipande; ulilala chini mzima mzima, kozi, yaani mistari ya matofali, zimeshikana, maana aliyeujenga alizifunga kona zake vizuri. Sikumjua fundi huyo. Kila nilipofunga kona ya nyumba maishani mwangu nimemfikiria.

Tarehe 23 Februari tuliipiga Masaka kutoka vilimani. Tulijiziba masikio kwa vitambaa, na vitambaa havizuii kitu. Asubuhi nikasikia nyenje, nikadhani ni za porini. Nyenje hizo sijaachana nazo mpaka leo. Lukaya tulipita katikati ya vinamasi na mvua, na tarehe 11 Aprili tulipokuwa Kampala watu walikuwa barabarani wakiruka na kuimba. Niliona midomo yao tu.

Daktari aliyenipima nyumbani alisema sikio la kushoto limekufa, la kulia limebaki na kidogo. Nikaoa mwaka 1981, nikaendelea na uashi, na kwa miaka mitatu nilifanya kosa moja kubwa: kujifanya nasikia. Nilitikisa kichwa kwa kila nililoambiwa.

Mwaka 1984 mteja mmoja, mzee mwenye heshima zake, aliniambia dirisha la mbele liwe futi nne. Nikasikia nane. Nyumba ilikuwa kando ya barabara kuu, nikajisemea huyu anataka duka. Aliporudi safari akakuta tundu la kupitisha mkokoteni. Hakunigombeza, alisema tu, "Fundi, mbona hukuuliza?" Nilibomoa na kujenga upya kwa gharama yangu. Kilichoniokoa ni kwamba saruji ilikuwa ya kibali siku hizo na wengi tulijengea udongo; matofali yakatoka mazima. Ingekuwa saruji, wanangu wangelala njaa mwezi ule.

Usiku ule nilimweleza mke wangu kila kitu. Alikwenda dukani akanunua daftari la mraba, akaniwekea mezani na kalamu. Tangu siku hiyo kila kipimo kiliandikwa na mteja kwa mkono wake mwenyewe: upana wa dirisha, urefu wa mlango, linta, ule mkanda wa juu ya milango na madirisha, ianzie kozi ya ngapi. Asiyejua kuandika alichora, au tulipima kwa kamba tukaifunga fundo pale pale. Nilianza pia kuwaambia watu mapema, "Mimi sisikii, nitazame usoni ukisema." Wapo walioondoka. Waliobaki waligundua kwamba hesabu zangu hazina ubishi.

Juu ya jukwaa kulihitaji jambo jingine. Sauti ya "angalia!" hainifikii, kwa hiyo nilifunga uzi wa katani kiunoni, ncha yake ikashuka kwa saidia fundi. Akivuta mara moja, natazama chini. Mara mbili mfululizo, nasimama nilipo bila kusogeza mguu. Na chini ya jukwaa langu hapiti mtu, awe mwenye nyumba au nani. Udongo, maji, matofali, pima maji, vyote vilikuwa na ishara zake za mkono. Site yetu ilikuwa kimya kuliko nyingine zote mjini, na nasema kwa kujivunia kwamba hakuna mtu aliyewahi kuumia kwangu.

Kilichobaki kunitesa ni tanuru. Wauza matofali walijua sisikii, wakanichanganyia yale ya pembeni na yaliyoiva. Mvua moja tu na ukuta unaanza kumeguka. Nilijaribu njia zote. Kukwaruza kwa msumari: lililoiva halichimbiki. Kuliangusha kutoka usawa wa kiuno. Kulilaza usiku kucha ndani ya ndoo ya maji, asubuhi uone kama kingo zimelainika. Njia hizi ni za kweli na nazitumia, lakini huwezi kuloweka matofali elfu tano.

Binti yangu wa kwanza alikuwa na miaka tisa nilipoanza kwenda naye tanuruni Jumamosi. Yeye aligonga, mimi nilimtazama uso. Likilia vizuri alinyanyua nyusi. Likiwa bovu alikunja mdomo, nami naliweka kando. Wauzaji walicheka siku ya kwanza. Baada ya mwezi walikuwa wakimwita "bibi mkaguzi", na walipomwona anakuja walitenga yale mabovu wenyewe.

Kwa kazi hiyo tumesomesha watoto watano. Nyumba yetu wenyewe ilikaa boma, kuta bila paa, miaka saba, kwa sababu ada ya shule ilitangulia mabati kila mwaka. Tulipaua mwaka 1999.

Binti huyo sasa ni fundi sanifu wa majengo. Mwaka 2015 ndiye aliyeninunulia kifaa cha kusikilizia. Nilikivaa, nikatoka nje, nikaokota matofali mawili nyuma ya jiko na kuyagonganisha. Sauti ilikuja, nyembamba, kama ya bati, haifanani na ile niliyofundishwa na baba mdogo. Nilirudia mara kadhaa. Kisha nikampa yeye. Akayagonga, akanyanyua nyusi.