Siku moja maishani mwangu: kuvisha matairi ya zamani kwenye ringi za magari ya rimoti

Saa 1:30 asubuhi

Kazi inaanza kwa kufunga pazia. Meza yangu iko chini ya dirisha, lakini mpira uliozeeka haupatani na jua, kwa hiyo natumia taa. Leo nina seti mbili za mteja mmoja, mzee anayekusanya magari ya rimoti aliyoyatamani ujanani. Seti ya kwanza ni matairi manne ya bagi (gari jepesi la rimoti la njia mbaya) ya Kijapani ya katikati ya miaka ya 1980: ya mbele yana mbavu zinazozunguka, ya nyuma yamejaa vijiti vya mpira. Hayajawahi kuvishwa tangu yatoke kiwandani. Ya pili ni matairi ya Clod Buster, lori la rimoti la magurudumu makubwa lililotolewa na Tamiya, kampuni ya Kijapani, mwaka 1987, na haya yamekaa kwenye ringi zake miaka yote.

Nayalaza juu ya kitambaa na kuyakagua moja moja. Nabonyeza kwa ukucha na kuangalia alama inafutika upesi kiasi gani. Mpira mzima unaifuta papo hapo. Uliochoka unabaki nayo kwa muda. Uliokauka hauingii ukucha kabisa, na huo siuvishi, maana utachanika mdomoni, yaani kwenye kingo ya ndani inayokaa katika mfereji wa ringi. Ya bagi yanafuta vizuri. Yana ukungu mweupe juu, na watu wengi wakiuona hudhani tairi limeoza. Mara nyingi ni nta tu: viwanda huichanganya na mpira makusudi ili ipande polepole hadi juu na kuukinga mpira na ozoni ya hewani.

Ya Clod Buster yana nyufa ndogo ubavuni, na sababu yake ni hiyohiyo ozoni. Ozoni hushambulia mpira uliovutwa. Uliolegea haiudhuru kwa namna hiyo. Ukitazama kwa lenzi utaona nyufa zinakatiza mwelekeo wa mvuto. Kwa hiyo tairi lililolala kwenye pakiti bila ringi linaweza kuwa na hali nzuri kuliko pacha wake aliyevishwa na kuwekwa kabatini bila kuendeshwa hata mita moja.

Hili ndilo linaloongoza kila nitakachofanya leo. Nikivisha tairi, nimeuweka mpira kwenye mvuto, na mvuto huo utaendelea usiku na mchana. Sina namna ya kuuondoa. Ninachoweza ni kuupunguza, na kuhakikisha kwamba mtu atakayelimiliki gari hili baadaye ataweza kulivua tairi bila kisu. Tairi la zamani lisilovulika nalihesabu kuwa limeshapotea, hata kama linang'aa.

Saa 3:00

Kuosha. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki laini. Petroli na mafuta ya taa havikaribii meza hii. Vinauvimbisha mpira na kuulegeza, na ukikauka tena haurudi ulivyokuwa. Zile dawa za kung'arisha matairi pia nimeziacha, kwa sababu sijui kila kilichomo ndani yake na tairi la miaka arobaini si mahali pa kujaribia.

Kwenye vijiti vya nyuma napita taratibu sana. Shina la kijiti ndilo hupasuka kwanza, na mswaki mgumu unaweza kukinyofoa bila hata kuusikia. Ndani ya tairi natumia kidole na kitambaa. Mafundi wengine hulipindua tairi nje ndani ili waoshe vizuri. Kwa tairi jipya sawa, kwa la umri huu sithubutu.

Yakiwa yanakauka kivulini, naleta kalipa, kifaa cha kupimia vipenyo. Magari mengi ya kisasa ya rimoti ya njia mbaya yamezoea ringi ya inchi 2.2, yaani karibu milimita 56, kwa hiyo ukinunua tairi unajua litakaa. Miaka ya mwanzo kila gari lilikuwa na kipimo chake. Gari la kwanza la rimoti la Tamiya, Porsche 934 ya mwaka 1976, lilikuwa la lami. Mwaka 1979 Rough Rider na Sand Scorcher yakaingia mchangani, na kashata za tairi zikaanza kuwa na sura za kila aina, na upana na vimo vya kila aina. Kwa hiyo napima mdomo wa tairi, napima kitako cha ringi, na naandika. Tofauti ya milimita moja na nusu inanitosha kuahirisha kazi.

Saa 4:30

Ringi za bagi zilishawahi kuvaa matairi mengine, na yalibandikwa. Gundi ya zamani imebaki mferejini kama magamba magumu. Kabla sijaitoa lazima nijue plastiki ni ya aina gani. Natia tone la asetoni upande wa ndani, pasipoonekana, na kugusa baada ya muda. Plastiki ya ABS inakuwa nata. Nailoni haishtuki. Hizi ni nailoni, kwa hiyo nina uhuru.

Hata hivyo naanza na maji yanayochemka. Supaglu inalegea kwenye joto, na nailoni yenyewe ikinywa maji inakuwa nyumbufu zaidi. Nailoni kavu ya siku nyingi huvunjika ghafla. Ringi zikikaa kwenye sufuria kwa muda, magamba mengi yanabanduka kwa kijiti cha mbao. Yaliyobaki ndiyo yanakwenda kwenye chupa ya asetoni yenye kifuniko, nje, mbali na moto wowote, kwa sababu mvuke wake unawaka haraka.

Za Clod Buster ni habari nyingine. Zimepakwa kromu, na chini ya kromu ya namna hii kwa kawaida kuna ABS. Asetoni hapo ni maangamizi. Bahati nzuri hakuna gundi, kwa hiyo zinapata maji, sabuni na kitambaa laini, basi. Kromu hii ni tabaka jembamba mno; ukiisugua unaiondoa.

Nikishamaliza napitisha kidole kuzunguka mfereji mzima. Kila mkwaruzo wenye ncha naulainisha kwa msasa mwembamba. Nyufa za mdomo huanzia hapo.

Saa 7:00 mchana

Sasa sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Maji ya moto, si ya kuchemka: kipimajoto kinasoma karibu nyuzi 60. Tairi la kwanza la nyuma linaingia na kukaa dakika chache. Likitoka, mpira uliokuwa na ubishi asubuhi unakubali kufuata kidole. Joto hilo halidumu, kwa hiyo kila kitu kingine kiwe tayari: ringi imepashwa pia, maji ya sabuni yako karibu, sponji imekatwa.

Kuhusu sponji nina msimamo mkali. Ile ya asili ikiwepo, mara nyingi imegeuka vumbi la kunata. Unyevu wa hewani huivunja kidogokidogo. Naitoa yote, kwa sababu mabaki yake yanashika mpira. Mpya naikata nyembamba kuliko inavyotarajiwa. Wengi hujaza hadi tairi liwe gumu, wakifurahia umbo linavyopendeza kabatini, lakini sponji nene inausukuma mpira kutoka ndani, na tumeshaona mvuto unafanya nini. Mimi nataka sponji ishike umbo tu, tairi lisibonyee kwa uzito wa gari.

Kuvisha kwenyewe ni kwa vidole gumba. Sitii bisibisi wala kijiko cha chuma. Mdomo wa upande mmoja unaingia kwanza, halafu sponji, halafu ringi inasukumwa hadi ndani. Kisha mdomo wa pili: naanza sehemu moja, naushikilia ule mpira ulioingia ubaki chini kabisa, kwenye kina cha ringi, na naendelea pande mbili kuelekea upande wa pili. Sehemu ya mwisho ndiyo yenye hatari, hapo ndipo mtu anaongeza nguvu. Nikiona inagoma, silazimishi. Nairudisha kwenye maji ya moto, hata mara kadhaa. Mara nyingi kosa halipo pale panapogoma. Lipo upande wa nyuma, ambako mdomo umepanda juu kidogo na kula nafasi yote.

Likishaingia, nalizungusha kwenye ekseli iliyobanwa mezani, na penseli nimeisimamisha karibu na mpira bila kugusa. Nafasi kati ya ncha na tairi ikipanuka na kubana, mdomo haujakaa. Nabonyeza pale palipoinuka, nazungusha tena. Tairi la nyuma la pili limenichukua muda mrefu kwa sababu hii, na nililivua lote na kuanza upya badala ya kulikandamiza likae kwa nguvu.

Ya mbele yalikwenda upesi.

Saa 9:30

Clod Buster. Kabla ya maji, chaki. Matairi haya yana meno ya umbo la V, na ringi zina uso wa nje na wa ndani, kwa hiyo ukishavisha umeshaamua kama gurudumu ni la kushoto au la kulia. Lori hili linavuta kwa magurudumu yote manne, na ncha ya V inatakiwa ifike chini kwanza, kama kwenye trekta. Naandika K mbili na L mbili, K kwa kulia na L kwa kushoto, na nakagua kwa kuyapanga yote manne mezani katika nafasi zake kabla sijavisha lolote. Picha nyingi za magari haya ninazoziona zina gurudumu moja lililogeuka, na mwenye gari hajui.

Nyufa nimezigeuzia ndani, upande usioonekana na, muhimu zaidi, usiopigwa na mwanga. Matairi haya ni mapana na yana nafasi, yanaingia kwa maji ya sabuni bila shida.

Nikiwa kwenye la mwisho, simu inaita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi. Yanaendeleaje?"

"Ya bagi ni mazima kabisa, yameshavaa. Ya lori yana nyufa ubavuni, ila hazijafika mdomoni."

"Basi yatie gundi yasichomoke. Mjukuu wangu atakuja kuliendesha bagi."

Nikamweleza kwamba hayo sitayatia gundi. Mpira wa umri ule ukibandikwa, siku ya kuuvua utabaki vipande kwenye ringi. Na ukiendeshwa, vijiti vitaachia sakafuni siku ya kwanza. Kwa kuendesha kuna njia nyingine: magari mengi ya enzi hizo yalitolewa upya, The Hornet mwaka 2004, The Frog mwaka 2005, Sand Scorcher mwaka 2010, na gari lake pia limo katika yale yenye matairi mapya ya umbo lilelile. Mjukuu apewe hayo kwenye ringi za pili.

Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo nitakuwa na seti mbili?"

"Mbili, mzee. Moja ya kutazama, moja ya kukimbia. Skrubu nne tu kubadilisha."

"Haya. Fanya hivyo."

Saa 10:30 jioni

Kwa seti ya kukimbia, gundi ninaitaka, tena iwe nzuri. Tairi jipya linatoka kwenye kalibu ya kiwanda na utelezi juu yake, kwa hiyo midomo yote naifuta kwa spiriti, na mfereji wa ringi pia. Nafungua dirisha. Mvuke wa supaglu huacha utando mweupe kwenye plastiki iliyo karibu, na kwa sababu hiyo magurudumu ya kromu nimeshayapeleka chumba kingine.

Natumia gundi nyepesi. Inaingia yenyewe kati ya mdomo na ringi ikifuata upenyo mwembamba, na inashika kwa unyevu ulio hewani. Tone sehemu nne kwanza, nangoja, nazungusha kwenye ekseli, nikiridhika ndipo namalizia mzunguko mzima. Kisha upande wa pili. Bendi za mpira zinalikumbatia tairi mpaka asubuhi. Kufutia situmii kitambaa cha pamba: supaglu nyingi ikiingia kwenye pamba inapata joto ghafla na kuunguza vidole. Kipande cha plastiki laini kinatosha.

Saa 12:15

Kuhifadhi. Bagi linakaa juu ya kigogo cha mbao, magurudumu hewani, ili uzito usitengeneze bapa kwenye mpira. Clod Buster vivyo hivyo. Matairi hayagusi sanduku la plastiki; baadhi ya mpira laini hutoa kemikali inayoyeyusha plastiki polepole, na nimewahi kupokea magari yenye alama ya tairi iliyochimbika sakafuni mwa boksi lake. Na siyaweki rafu moja na mashine ya kujaribia mota, maana cheche za brashi zake zinatengeneza ozoni.

Ndani ya boksi naweka karatasi: tarehe ya leo, vipimo vya midomo, unene wa sponji, na maneno "maji na sabuni tu, hakuna gundi". Ya seti ya mjukuu inasema kinyume chake, na aina ya gundi. Kesho asubuhi, maji yakishakauka chini ya midomo, nitashika kila tairi la zamani kwa vidole viwili na kujaribu kulizungusha juu ya ringi. Lisipoteleza, nampigia mzee aje.