Maji ya Simsim

Paka Simsim alipenda kunywa birikani. Bakuli lake lilikaa pembeni mwa kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, nami nililibadilisha maji kila asubuhi, lakini alilipita kama halipo. Aliruka juu ya ukingo wa birika la chooni, lile hodhi la maji ya kutawadhia, akainama mpaka masharubu yakagusa maji. Visamaki tulivyovitia humo ili viyale mabuu ya mbu vilishamzoea, havikujisumbua hata kukimbia. Mama alipofika na kata yake kutaka kutawadha, alimsubiri amalize.

Alikuja nyumbani wiki ya Maulidi mwaka 2002, kipaka cha miguu mirefu na masikio makubwa kama walivyo paka wa Lamu, akaifuata harufu ya samaki hadi jikoni. Hakuna aliyemwita, hakuna aliyemfukuza. Huku kwetu paka hula nyumba hii, hulala ile, huzalia ya tatu, na ni nadra kusikia mtu akisema paka ni wake. Simsim alichagua kwetu akabaki miaka kumi na mitano.

Julai 2017, kusi limekaza na vumbi la vichochoroni linaingia hadi kwenye vidaka vya kuta, ndipo nilipoona anakunywa kupita kiasi. Na akinywa, anakojoa. Alikojoa mkekani, akakojoa godoro la wageni, kisha siku moja akakojoa juu ya kanga za mama zilizokunjwa tayari kwa harusi ya jirani. Nilikasirika. Nikajiambia dawa yake ni rahisi, apunguziwe maji. Usiku nikawa nafunga mlango wa choo, na bakuli la kiwandani naliondoa.

Nilifanya hivyo usiku nne. Nilimsikia akikwaruza ule mlango, nikajifunika shuka masikioni.

Alfajiri ya siku ya tano mama ndiye aliyemkuta, amelala ubavu mbele ya mlango, pua ameielekeza kwenye upenyo wa chini. Akachuchumaa, akamvuta ngozi ya mgongoni kwa vidole viwili na kuiachia. Haikurudi. Ilisimama vilevile, kama pindo la nguo iliyotiwa wanga, ndipo ikajilaza polepole. Nilipomsogelea usoni, pumzi yake ilinuka mkojo.

"Ni nani aliyefunga mlango huu?"

"Ni mimi, Mama."

Hakusema neno. Alitandika kanga kwenye kikapu, akamlaza ndani, akanipa nimbebe.

Nilipita kwanza duka la dawa, kwa sababu ndilo lililokuwa karibu. Muuzaji akanishauri nusu kidonge cha paracetamol. Namshukuru Mungu kwamba mfukoni sikuwa na pesa. Daktari wa wanyama alipolisikia hilo alishtuka: ini la paka haliwezi kuivunja dawa ile, na kidonge kimoja chaweza kumwua.

Alikuwa kijana mpole, akimwita mama "mama" kama mwanawe. Alimtoa Simsim damu mguuni, ikasafirishwa Mombasa, na siku ya tatu majibu yakaja kwa simu. Kreatinini, taka ya damuni ambayo figo huichuja, ilikuwa 380, na daktari angependa isizidi 140. Figo. Akatueleza kwamba figo za paka huchakaa kimyakimya, na hadi mwenye nyumba aone dalili, thuluthi mbili ya kazi yake huwa imeshapotea wala hairudi. Figo zikichoka, hushindwa kuyazuia maji mwilini, mkojo hutoka mwingi na mwepesi. Kwa hiyo mnyama hunywa ili kuyafidia yanayompotea. Mimi nilidhani anakojoa kwa kuwa anakunywa. Kumbe alikuwa anakunywa kwa kuwa anakojoa, na kile kiu ndicho kilichokuwa kikimweka hai.

Tangu utotoni nimeisikia hadithi ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Nilirudi nyumbani na maneno hayo kifuani, na hayajatoka.

Tulipewa chupa za dripu, mipira na sindano, tumtie maji chini ya ngozi, mililita 100 kila baada ya siku moja. Usiku wa kwanza mama alimpakata juu ya kitanda cha kamba, nikatungika chupa kwenye msumari wa kalenda. Tulikuwa tumeipasha kwenye sufuria ya maji ya uvuguvugu, maana maji baridi humtetemesha. Nikainyanyua ngozi ya katikati ya mabega ikawa kama hema dogo, nikachoma. Mkono ulinitetemeka. Sindano ikaingia upande huu ikatokea upande wa pili, manyoya yakarowa, maji yakamchuruzika mama mapajani. Nikaanza kulia.

"Choma tena, mwanangu. Hakuumia. Hebu mtazame."

Kweli, Simsim alikuwa amefumba macho. Mara ya pili niliihisi ngozi ikikubali, kisha ukinzani kidogo, kisha wepesi. Matone yakaanza kushuka ndani ya kile kichupa cha plastiki, moja baada ya jingine, mama akiyahesabu kama tasbihi. Nundu ikamwota mgongoni kama ya ng'ombe, laini, ikitikisika.

Huku anahesabu, akanisimulia habari ya Abu Qatada, sahaba wa Mtume. Mke wa mwanawe alimmiminia maji ya udhu, paka akaja akataka kunywa, naye akakiinamisha chombo mpaka paka akatosheka. Mkaza mwana alipomtazama kwa mshangao, akamwambia Mtume alisema paka si najisi, ni miongoni mwa wanaotuzunguka.

"Wewe hukujua," akaniambia. "Sasa wajua."

Ng'onda na kila chenye chumvi tukaacha kumpa. Chakula cha wagonjwa wa figo tulichoagiza Nairobi alikinusa akakipa mgongo, na daktari akasema bora ale anachokipenda kuliko kukaa na njaa, basi mama akawa anamchemshia changu, anaondoa mwiba mmoja mmoja. Aliishi hadi Desemba.

Lakini ninayoikumbuka zaidi ni ile alfajiri iliyofuata sindano ya kwanza. Nundu ilikuwa imeshuka hadi mguu wa mbele, anachechemea. Mlango wa choo ulikuwa wazi. Alijaribu kuruka ukingo wa birika akashindwa, akajaribu tena. Mama, mikono ya nguo ameshaikunja, akachota kata moja, akaishusha hadi sakafuni, akaiinamisha. Simsim akanywa. Muadhini alishamaliza kuadhini, na mama bado ameinama, ameishika ile kata.