Kiingilio cha Kwenda Kwao

Kikundi chetu cha vikoba pale Kirumba kilikuwa na desturi yake: tukishavunja kikoba na kugawana, kinachobaki tunakula. Pilau, soda, spika za kukodi, basi. Mwaka 2017 mweka hazina wetu, mama muuza vitenge ambaye akisema jambo limepita, alitangaza kwamba amechoka kula. Safari hii anataka kutalii. Minong'ono ikaanza. Wengine wakasema hayo ni mambo ya wazungu, na kama ni wanyama, Saanane si ipo hapo mbele ya macho? Lakini kila mtoto wa Mwanza ameshapelekwa Saanane na shule yake, akaona simba kizimbani na pimbi wakiota jua juu ya mawe. Mweka hazina alitaka msitu, tena wa kuutembea kwa miguu yake. Likatajwa jina la Rubondo, kisiwa cha hifadhi humu Ziwa Victoria, wenzangu wakapiga makofi. Mimi nilinyamaza, maana Rubondo kwetu ni habari nyingine.

Bibi mzaa mama alikuwa Mzinza wa kisiwa hicho. Kabla hakijawa hifadhi walikaa watu huko, wavuvi na wakulima. Mwaka 1965 kilipofanywa pori la akiba wakahamishwa, wengine wakapelekwa visiwa vya jirani, wengine bara. Ilipofika 1977 kikawa Hifadhi ya Taifa. Mjomba, kitinda mimba wa bibi, alitoka huko akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Bibi hakupenda kuizungumzia siku ile, ila kuna kipande kimoja alikisimulia mara nyingi: babu aling'oa mlango wa nyumba akaulaza ndani ya mtumbwi, watoto wakakalishwa juu yake, na mbuzi akafungwa miguu akalazwa pembeni. Nyumba huwezi kuihamisha, alisema babu, lakini ubao ni mali. Mlango huo nimeuona kwa macho yangu. Ulikuwa wa jiko la bibi huko Sengerema, mzito, upande wa chini umeliwa na mchwa, na ukitaka kuufunga lazima uunyanyue kidogo kwa goti.

Sasa, mwenye Kosta ya bei nafuu tuliyemjua alikuwa mjomba huyo huyo.

"Mama," aliniambia nilipompigia simu (ananiita mama kwa kuwa nimebeba jina la mama yake), "nitawapeleka mpaka Kasenda. Ng'ambo mtavuka wenyewe. Mimi sijawahi kuona mtu akilipa kiingilio kwenda kwao."

Sikubishana naye. Nilichofanya ni kuliandika jina lake kwenye orodha ya waliolipiwa, nikanyamaza.

Tuliondoka alfajiri. Enzi hizo daraja la Kigongo na Busisi halikuwapo, kwa hiyo tulikaa foleni ya kivuko tukila mayai ya kuchemsha na kuwasikiliza wachuuzi wakigombania madirisha. Sengerema, Geita, vumbi na pikipiki za Katoro, Chato, Muganza. Njia nzima mweka hazina alikuwa akiongoza mapambio kutoka kiti cha mbele, na mjomba anaendesha bila kuitikia.

Pale Kasenda boti ilikuwa inasubiri. Mwenzetu mmoja alifiwa na kaka yake ilipozama meli ya MV Bukoba mwaka 1996, na kaka huyo ni miongoni mwa waliozikwa Igoma. Alikuwa hajapanda chombo chochote tangu hapo, zaidi ya kivuko, nacho anakipanda kwa kufumba macho. Alipita akikagua vifungo vya maboya ya kila mmoja wetu, anavivuta kwa nguvu, hata mtu na shahada yake anageuzwa kama mtoto wa chekechea. Hatukumcheka. Askari wa hifadhi akaanza kusoma majina, na lilipofika la mjomba, aliyekuwa ameegemea gari akichokonoa meno, watu wote wakamgeukia.

"Shemeji," mweka hazina akamwambia, "pesa imeshaingia serikalini. Hairudi."

Mjomba akanitazama kwa jicho ambalo nililistahili. Kisha akafunga gari, akavaa boya juu ya koti lake na kupanda.

Ng'ambo si mbali. Kadiri unavyosogea, ile rangi ya kijani iliyoonekana kama mstari mmoja inaanza kupanda na kushuka, maana kisiwa chenyewe ni vilima vilivyoshikana, urefu wa kilomita 28 hivi, na karibu chote ni msitu. Kilima cha Msasa huko kusini kina mita 1,486, na ziwa lenyewe liko juu ya mita 1,130 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo ukiambiwa mlima usitegemee Kilimanjaro. Lakini waambie magoti ya mama wa Kirumba kwamba huo si mlima! Gari la hifadhi likatupeleka Kageye, tukalala kwenye mabanda ya hifadhi. Usiku viboko walitoka majini wakala nyasi chini ya madirisha yetu, tukawasikia wakitafuna.

Asubuhi tukakabidhiwa kwa askari kijana, Mkurya wa Tarime, mpole kuliko bunduki aliyoibeba. Akatupanga mstari mmoja, simu zizimwe sauti, mtu asile njiani. Uzuri wa Rubondo ni huu hapa. Kwenye mbuga nyingi unafungiwa ndani ya gari tangu asubuhi mpaka jioni, unaona wanyama kupitia kioo. Rubondo haina simba wala chui, ndiyo maana msitu wake unautembea kwa miguu, unaunusa, unajikwaa kwenye mizizi yake. Bunduki ni ya tembo, akasema kijana. Tembo si wenyeji wa hapa, waliletwa, na twiga nao hivyo hivyo. Wenyeji ni nzohe, yule swala wa kwenye matete, kiboko, mamba na fisi maji.

"Na sokwe?" mtu akauliza.

"Sokwe nao ni wa kuletwa." Akaeleza vizuri, hata mimi niliyezaliwa ziwani nilikuwa siijui habari hiyo. Profesa Grzimek, yule Mjerumani wa Serengeti, na shirika lake la Frankfurt, waliwaleta sokwe 17 kutoka bustani za wanyama za Ulaya, kati ya 1966 na 1969. Walikuwa wamezoea vizimba na kulishwa na watu. Wakafunguliwa humu wajitafutie. Wakaweza, wakazaana, na wanaoonekana leo ni wajukuu na vitukuu ambao hawajui kizimba ni nini.

Mjomba, aliyekuwa wa mwisho kwenye mstari, akasimama.

"Hebu rudia mwaka."

"1966, mzee."

"Sisi tulitolewa 1965."

Kijana akatazama chini. "Ndivyo ilivyo, mzee."

Palikuwa kimya, mpaka mweka hazina akasema kwa sauti ambayo nadhani alifikiri ni ya chini: "Kumbe ndio waliopewa nyumba yenu." Jamani! Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini mjomba alicheka, akacheka mpaka akashika mti, na askari aliyetukataza kelele naye akashindwa kujizuia. Kuanzia hapo mjomba akapanda mbele, akawa anatembea sambamba na kijana, wanaongea kama watu waliojuana zamani.

Tukapanda. Msitu ulikuwa na ubaridi wa ghalani, na mitambaazi minene kama mkono wa mtu ilining'inia kutoka juu ikatuziba njia. Chini ya mmoja tulikuta mabungo yameanguka, ya rangi ya chungwa, mengine yamepasuliwa. Askari akachuchumaa, akageuza moja kwa ncha ya kijiti: nyama ya ndani imekombwa, na kwenye ganda kuna alama za meno, nne juu, pana, kama za mtu kabisa. Utomvu mweupe ulikuwa bado unachuruzika. Wamepita sasa hivi, akanong'ona. Akatuonyesha na kitanda cha jana, matawi yaliyokunjwa yakalaliana juu kabisa kwenye mti, majani yake yameanza kunyauka. Kila jioni sokwe anatandika kipya. Mama mmoja akasema angekuwa na mume wa aina hiyo asingelalamika.

Halafu wakaita. Ilianza sauti moja ng'ambo ya bonde, pumzi za chini, zikapanda, zikajibiwa na nyingine, mara kilima chote kikawa kelele na magogo yanapigwa. Nywele zilinisimama. Tukangoja, tukasogea, tukangoja tena. Hawakutokea. Sokwe wale walikuwa bado hawajazoea watu, na msitu ni mkubwa. Juu ya vichwa vyetu walipita mbega tu, weupe na weusi, mikia inaning'inia.

"Yaani nimelipa kusikia?" mweka hazina akalalamika, ingawa ndiye aliyekuwa amefumba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Wakati wa kushuka mjomba akamuuliza kijana swali nililojua lingekuja. Watu walikaa wapi? Kijana angeweza kukwepa, hakukwepa. Alisema hakuwapo, amesikia tu kwa waliomtangulia, na kwamba mashamba yameshamezwa na miti. Akaonyesha upande mmoja wa njia. "Miti ya hapa ni myembamba kuliko tuliyoipita kule juu. Huenda hapa palilimwa." Mjomba akatoka njiani hatua chache. Akasogeza majani kwa ncha ya kiatu, akainama, akachukua udongo kidogo akausaga kati ya vidole.

"Mzuri," akasema. "Wa ndizi huu." Akaufuta kwenye suruali, tukaendelea.

Nimewahi kuwasikia watu wakibishana kuhusu mambo haya, mmoja anasema watu walionewa, mwingine anasema wasingetolewa hata huo msitu tusingeukuta. Naona wote wawili wana haki, na sijaona kwa nini mmoja lazima anyamazishwe ili mwingine asikike. Mjomba mwenyewe hakutoa hotuba yoyote. Alichotaka baada ya chakula cha mchana ni kuvua.

Maji yanayozunguka kisiwa ni mazalio ya samaki, mvuvi haruhusiwi kutega humo, lakini mgeni akikata kibali anavua kwa ndoana kwa kujifurahisha. Tukachangishana, tukampeleka. Nilikaa naye kwenye boti nikamwona akibadilika: mabega yakashuka, mkono ukawa mwepesi kwenye fimbo ambayo hakuwahi kuishika maishani, maana yeye ni mtu wa nyavu na mishipi. Furukombe walikuwa wanalia kwenye miti ya ufukweni. Sangara alipokamata, boti nzima ilipiga yowe. Mjomba akamvuta, akamchosha, akamleta ubavuni, samaki wa haja, jicho linang'aa kama sarafu.

"Piga picha, mzee, kisha mrudishe," nahodha akasema.

"Nimrudishe wapi?"

"Majini."

Mjomba alitutazama mmoja mmoja, akitafuta nani atamwambia ni utani. Samaki akarudishwa. Mjomba hakusema neno mpaka tumefika gatini, na aliposema ilikuwa: "Hata mama yangu asingeniamini."

Kesho yake tukavuka kurudi. Pale Kasenda kila mtu alinunua sato, na kwa harufu ya gari lile nina hakika abiria wa wiki iliyofuata walidai punguzo. Tukiwa foleni Busisi mweka hazina alisoma hesabu, zikabaki shilingi za soda, tukanywa. Kilichotuumiza ni boti. Kiingilio chenyewe, kwa Mtanzania, hakikufikia hata nauli ya basi la Chato.

Mjomba alikuwa amejitenga, anaongea na simu, kaka zake mmoja baada ya mwingine. Sokwe hakuwataja. Alikuwa anawaeleza habari za sangara, na kwa kila kaka samaki aliongezeka kilo kadhaa. Kwa yule mkubwa wao, anayekumbuka kisiwa kuliko wote, alisikiliza muda mrefu.

"Ndiyo, pamekuwa msitu," nikamsikia akisema. "Kosta inatutosha sisi na watoto. Ila waambie waje na vitambulisho vya NIDA wote. Asiye na kitambulisho anatozwa bei ya mgeni."